UZI: Wizara na ofisi za serikali kuu ya Marekani zilivyopangwa. Usidanganywe na jina lililo mlangoni

Wakuu, habari za muda huu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia ndugu na marafiki kujaza fomu za Marekani, za masomo na za ndoa hasa. Kosa linalojirudia ni lile lile. Mtu anaandikia ofisi isiyo na faili lake, anasubiri miezi, kisha anajibiwa kwa mistari miwili kwamba suala lake halishughulikiwi pale. Muda umekwenda, na wakati mwingine ada nayo imekwenda. Anaisoma serikali ile kwa majina, na majina yale mara nyingi hayasemi kazi inayofanyika ndani.

Ndiyo sababu nimeanzisha uzi huu. Ukitaka kuielewa ofisi yoyote ya serikali kuu ya Marekani, liweke jina lake pembeni kwanza. Uliza ni sheria gani iliyoizaa, pesa zake zinatoka wapi, na nani ana uwezo wa kumfukuza mkuu wake. Ukishayajua hayo, hata jina litaanza kueleweka.

Wizara au idara?

Neno wanalotumia wao ukilitafsiri neno kwa neno linakuwa "idara", na kiongozi wake anakuwa "katibu". Kuna maandishi ya Kiswahili yanayomwita waziri wao "katibu wa dola", na msomaji anadhani ni karani fulani wa ikulu. Hapana. Zile ni wizara kamili, na anayeziongoza ni waziri: anateuliwa na rais, anathibitishwa na Seneti, anaingia kwenye baraza la mawaziri. Ila haruhusiwi kuwa mbunge wakati huohuo, Katiba yao inakataza. Marco Rubio alipothibitishwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje Januari 2025 aliachia kiti chake cha useneta, kama alivyofanya Hillary Clinton mwaka 2009. Anayeongoza Wizara ya Sheria peke yake ndiye mwenye cheo tofauti, yeye huitwa Mwanasheria Mkuu.

Wizara ziko 15. Katiba iliyoandikwa 1787 haitaji hata moja kwa jina. Inagusia tu kwamba zitakuwepo na kwamba rais anaweza kudai maoni ya maandishi kutoka kwa wakuu wa wizara hizo. Kila moja imezaliwa na sheria ya Kongresi, na lilikuwepo jambo lililoisukuma.

Zilivyozaliwa

Mwaka 1789 zilianzishwa tatu: Mambo ya Nje, Vita na Fedha. Ya Mambo ya Nje ilizaliwa Julai ikiwa na jina hilohilo. Ilipofika Septemba, Kongresi ikaitwika na kazi za nyumbani kama kutunza muhuri mkuu wa taifa na kutangaza sheria, na jina likabadilishwa ili liyabebe yote. Ndiyo maana jina lake rasmi leo halina neno "nje" ndani yake, ingawa kazi karibu yote ni ya nje. Waziri wake wa kwanza, Thomas Jefferson, alikaa hadi kwenye jopo la kutoa hataza za uvumbuzi. Hataza zilishahamia kwingine zamani, lakini muhuri mkuu bado unatunzwa pale.

Mwanasheria Mkuu naye alipatikana 1789, ila alikuwa mtu mmoja bila wizara. Wizara ya Sheria ilikuja 1870.

Halafu ikaja 1849, na hapa ndipo wengi wetu hukwama. Wizara waliyoiita ya Mambo ya Ndani haina polisi wa mijini, haina uhamiaji wala vitambulisho. Inashika ardhi ya serikali kuu, hifadhi za taifa, mabwawa ya magharibi, upimaji wa miamba, na masuala ya makabila ya asili. Ofisi ya makabila yale ilianzia ndani ya Wizara ya Vita mwaka 1824, na hilo peke yake linakuonyesha serikali ya wakati huo iliwatazamaje watu wale.

Kilimo ilianza 1862 wakati wa Lincoln, ikapata kiti barazani 1889. Biashara na Kazi zilizaliwa pamoja 1903, zikatenganishwa 1913. Jeshi la nchi kavu, la majini na la anga yaliwekwa chini ya paa moja kwa sheria ya 1947, na jina la Wizara ya Ulinzi likaja 1949. Afya na Elimu zilikuwa wizara moja tangu 1953 hadi sheria ya 1979 ilipozitenga. Makazi ni ya 1965, Uchukuzi 1966. Nishati ni ya 1977, wakati foleni za petroli za 1973 zilikuwa bado kwenye kumbukumbu za watu. Maveterani walipata wizara kamili 1989. Ya mwisho ni Usalama wa Ndani, sheria ya 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Hiyo ilikusanya taasisi 22 zilizokuwa zimetawanyika. Kikosi cha kumlinda rais, kwa mfano, kilikuwa cha Fedha, kwa sababu kilianzishwa 1865 kukamata watengenezaji wa noti bandia.

Umri huo wa wizara una uzito kisheria. Rais na makamu wakipatikana hawapo, anafuata Spika, kisha rais wa muda wa Seneti, kisha mawaziri kwa kufuata mpangilio wa kuanzishwa kwa wizara zao. Ndiyo maana Mambo ya Nje inatangulia na Usalama wa Ndani iko mkiani.

Barabara moja, wizara mbili

Nitoe mfano wa kushikika. Ukitoka hifadhi ya Yellowstone kwa lango la mashariki kuelekea mji wa Cody, barabara haikatiki na miti ni ileile. Ndani ya lango, askari wa hifadhi ana kofia pana iliyonyooka na nembo yenye umbo la ncha ya mshale, ndani yake nyati, mti na mlima. Huyo ni mtu wa Mambo ya Ndani. Ukivuka lango uko kwenye msitu wa taifa wa Shoshone. Nembo sasa ni ngao yenye mti katikati ya herufi U na S, na aliyeivaa ni mtumishi wa Wizara ya Kilimo.

Tofauti si ya nguo. Ndani ya hifadhi huwindi wala hukati mbao. Kwenye msitu, kwa kibali, unaweza kuwinda, kukata mbao, hata kulisha ng'ombe. Hifadhi ni kitu cha kutunzwa jinsi kilivyo, msitu walihesabu kuwa zao kama mahindi, na zao ni la Kilimo. Misitu ilihamishwa kutoka Mambo ya Ndani kwenda Kilimo mwaka 1905 na haijarudi.

Mfano mwingine ni silaha za nyuklia. Wengi wangeapa kwamba zinatengenezwa na Wizara ya Ulinzi. Ulinzi inazishika na kuzirusha, lakini kuziunda na kuzitunza ni kazi ya Wizara ya Nishati. Na utabiri wa hali ya hewa uko Wizara ya Biashara, pamoja na sensa.

Nakaribisha maswali, nitaendelea kushuka nayo.

---

Mchangiaji #2
Mkuu shukrani kwa somo. Sasa mtu anayetaka kwenda kusoma, viza anaiomba Mambo ya Nje au Usalama wa Ndani? Nimesikia yote mawili.

Mwanzisha uzi
Yote mawili ni kweli, mkuu. Angalia herufi zilizo mwanzoni mwa jina la fomu, zinakuambia mwenye nayo.

Chuo kikikukubali kinakutumia I-20, fomu ya kuthibitisha nafasi yako ya masomo. Herufi I ni ya huduma ya zamani ya uhamiaji, ambayo leo imegawanyika vipande vitatu chini ya Usalama wa Ndani. I-20 inatoka kwenye mfumo wa kompyuta unaosimamiwa na ICE, ndio haohao tunaowasikia kwenye habari za kukamata wahamiaji. Unalipa ada ya I-901, bado uko kwao. Kisha unajaza DS-160, fomu ya kuomba viza. DS ni Mambo ya Nje, sasa umehamia ubalozini, na anayekuhoji ni afisa wa kibalozi. Akikubali, anabandika viza kwenye pasipoti.

Viza ile inakufikisha mlangoni tu. Ukitua uwanja wa ndege unakutana na CBP, watu wa forodha na mipaka, Usalama wa Ndani tena, na hao ndio wanaoamua kama unaingia na kwa muda gani. Rekodi yao inaitwa I-94. Tarehe iliyo kwenye viza na ukomo wa kukaa ni vitu viwili tofauti, vya wizara mbili tofauti, na nimeona watu wakiharibikiwa kwa kuvichanganya.

Ukitaka kibali cha kufanya kazi baada ya masomo unajaza I-765 kwenda USCIS, kipande cha tatu, kinachoamua maombi ya uhamiaji. Namba ya hifadhi ya jamii unaomba kwa SS-5, na hiyo ni taasisi ya kujitegemea isiyo chini ya wizara yoyote tangu 1995. Kodi ni IRS, ambayo ni ya Wizara ya Fedha. Na kama mwajiri anataka kukuajiri kwa viza ya kitaalamu, lazima kwanza apitie Wizara ya Kazi, fomu zake zinaanza na ETA.

Mtu mmoja, begi moja, wizara nne na taasisi moja ya kujitegemea.

Mchangiaji #3
Na mambo yakiharibika, ukapelekwa mahakamani?

Mwanzisha uzi
Hapo unaingia wizara ya tano. Jaji wa uhamiaji si wa mhimili wa mahakama, ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, na Mwanasheria Mkuu ana uwezo kisheria wa kuichukua kesi na kuiamua mwenyewe. Wakili wa upande wa pili anatoka ICE. Fomu nyingi za pale zinaanza na EOIR, ofisi inayoendesha mahakama hizo. Nimewahi kumweleza mama mmoja jambo hili, akaniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba jaji ana bosi. Nina hakika.

Mchangiaji #4
Dada yangu aliolewa na raia wa Marekani, mwaka unakatika sasa. Tunaandikia ubalozi hawatusaidii. Tufanyeje?

Mwanzisha uzi
Pole kwa kusubiri, ndugu yangu. Chukua barua ya mwisho mliyoipata, tazama namba ya kesi. Ikianza na herufi kama IOE, faili bado liko USCIS, ombi la I-130, lile la mume kumwombea mke, halijaamuliwa, na ubalozi hauna hata karatasi moja ya kusoma. Wakiidhinisha, faili linakwenda kwenye kituo cha viza cha Mambo ya Nje huko New Hampshire. Pale mnapewa namba mpya inayoanza na herufi tatu za ubalozi wenu, mnajaza DS-260, fomu ya viza ya kuhamia, mnapeleka vyeti. Kituo kikiridhika ndipo usaili wa ubalozini unapangwa. Binamu yangu aliandikia mahali pasipo na faili lake kwa miezi mitano. Siku tuliposoma herufi zile tatu tu, tukajua pa kuuliza.

Mchangiaji #5
Naongezea kidogo, mimi niko huku, nafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Piza ya jibini inakaguliwa na FDA, mamlaka ya vyakula na dawa, ambayo iko Wizara ya Afya. Piza yenye nyama iliyopikwa asilimia 2 au zaidi ni ya Wizara ya Kilimo. Boksi la nyama utaliona na muhuri wa mviringo na namba ya kiwanda, la jibini halina. Kiwanda cha nyama mkaguzi anafika kila siku ya kazi. Cha jibini anaweza kupita mara moja kwa miaka kadhaa. Majokofu yamekaa ubavu kwa ubavu.

Mwanzisha uzi
Asante sana mkuu, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri. Chanzo chake ni hiki. Juni 30, 1906 Theodore Roosevelt alitia saini sheria mbili siku moja, moja ya ukaguzi wa nyama, nyingine ya usafi wa vyakula na dawa. Zote zilisimamiwa na Kilimo. Mwaka 1940 ile ya vyakula na dawa ikahamishwa, ikaishia kwenye ukoo wa wizara ya afya. Ya nyama ikabaki. Sheria ni mbili, na zimelea wakaguzi wa tabia mbili.

Na hapa lile swali la pesa linaonyesha thamani yake. Kongresi hugawa pesa kwa miswada 12 kila mwaka. FDA ni ya Afya, lakini fungu lake hadi leo liko kwenye mswada wa Kilimo. Msitu wa Shoshone ni wa Kilimo, fungu lake liko kwenye mswada wa Mambo ya Ndani. Ofisi ilihama nyumba, lakini wanaoishikia mkoba hawakukubali kuuachia.

Pesa pia inaeleza nani anafunga mlango serikali ikikosa bajeti. Mwaka 2025 ilisimama kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1. Watu waliniuliza kama maombi yao USCIS yamekufa. Hapana, kwa sababu USCIS inaishi zaidi kwa ada mnazolipa ninyi waombaji. Viza na pasipoti nazo zinaendeshwa kwa ada kwa sehemu kubwa. Lakini serikali iliposimama kati ya 2018 na 2019, mahakama za uhamiaji zilizotegemea bajeti ziliahirisha kesi nyingi za watu wasio kizuizini, na waliokuwa wamesubiri tarehe kwa miaka wakarudishwa nyuma ya foleni.

Mchangiaji #6
Mimi sikubaliani kidogo. Unasema sheria ndiyo inazaa ofisi, mbona USAID, lile shirika lao la misaada, imeondoka mbele ya macho yetu? Na Ulinzi sasa wanaiita Vita.

Mwanzisha uzi
Hoja nzito, na imegusa watu wengi waliotegemea miradi ile, kwa hiyo nitaijibu taratibu.

USAID ilianzishwa na Kennedy mwaka 1961 kwa amri ya rais. Mtoto wa amri huwa dhaifu kuliko mtoto wa sheria. Mwaka 1998 Kongresi ilipitisha sheria iliyoitambua kama taasisi inayosimama peke yake, na ndiyo maana mwaka 2025 watu walikwenda mahakamani kupinga. Serikali iliendelea, na kufikia Julai 1, 2025 kazi zilizobaki zilihamia Mambo ya Nje. Kwa hiyo una haki: sheria ni ukuta, lakini ofisi inaweza kukaushwa watu na pesa wakati ukuta bado umesimama. Upande wa afya angalia pia kwamba si kila dola ilipitia USAID. Fedha za PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, zilipitia pia CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa, ambacho ni cha Wizara ya Afya. CDC yenyewe ilianzia kwenye vita dhidi ya malaria, ndiyo maana makao yake yako Atlanta, kusini ambako malaria ilikuwepo, na si Washington.

Elimu ni hivyohivyo. Machi 2025 rais alisaini amri ya kuanza kuifunga, lakini kuifuta kabisa kunahitaji Kongresi. Na wanaodhani kufungwa kwake ni kufungwa kwa shule, wizara ile haiendeshi shule. Shule ni za majimbo na wilaya zao, na mchango wa serikali kuu kwa shule za msingi na sekondari ni takriban sehemu moja ya kumi ya gharama. Leseni za udereva, vyeti vya ndoa na hati za ardhi navyo ni vya majimbo. Usiviulize Washington.

Kuhusu Vita: amri ya Septemba 2025 iliruhusu jina hilo litumike kama jina la pili. Kwenye sheria iliyoandikwa bado ni Ulinzi.

Mchangiaji #2
Hujagusa lile la kumfukuza mkuu.

Mwanzisha uzi
Kweli, mkuu. Waziri anafukuzwa na rais wakati wowote, bila kutoa sababu. Hata mkuu wa FBI, ambaye sheria inampa muhula wa miaka 10, rais anaweza kumwondoa, kama ilivyotokea Mei 2017.

Nje ya wizara kuna taasisi za kujitegemea, na haziko sawa. NASA na ile ya mazingira zinajitegemea kwa maana haziko chini ya wizara, lakini mkuu wake anaondoka rais akitaka. Kuna tume kama FCC, ya mawasiliano, na SEC, ya masoko ya hisa, ambazo sheria inazipa makamishna watano na inakataza zaidi ya watatu kutoka chama kimoja. Benki kuu ina magavana saba wenye mihula ya miaka 14, na inajiendesha kwa mapato yake yenyewe.

Swali la kama rais anaweza kuwafukuza makamishna wa tume kama hizo lina chanzo chake kwenye kesi ya 1935. Franklin Roosevelt alimfukuza kamishna wa tume ya biashara aitwaye Humphrey kwa kutofautiana naye kimawazo. Humphrey akafa, msimamizi wa mirathi yake akadai mshahara wake, na Mahakama ya Juu ikampa haki kwa kauli moja: rais hana uwezo wa kumwondoa kamishna wa aina ile bila sababu iliyotajwa na sheria. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilikataa kinga kama hiyo kwa mkurugenzi mmoja anayeongoza peke yake ofisi ya kuwalinda wateja wa fedha, na tangu 2025 kesi mpya juu ya makamishna zimefika mbele yake.

Mchangiaji #4
Nimeangalia barua ya dada. Inaanza na IOE.

Mwanzisha uzi
Basi liko USCIS, ndugu. Acheni ubalozi kwa sasa. Fungueni akaunti kwenye tovuti ya USCIS kwa namba hiyohiyo, muone hatua ya mwisho ni ya tarehe ngapi, kisha mlinganishe na muda wa kawaida wanaoutangaza kwa I-130. Kama mmeupita muda huo, mume wake atume ulizo rasmi yeye mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyewasilisha ombi. Ukikwama popote niandikie hapahapa.